Kazi, Mchezo na Mfano: Kuhakiki Vitu Vidogo Vinavyoundwa na Watu Wazima katika Ukanda wa Shaba

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja aliwapelekea walimu wake pendekezo la kazi ya kumalizia masomo. Alitaka kuchunguza maneno wanayotumia waundaji wa magari ya waya: majina ya sehemu za gari, vitenzi vya kukunja na kufunga, na jinsi ujuzi huo unavyopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya watoto, na kwamba akatafute mada ya watu wazima. Alitii, akaandika juu ya istilahi za ofisi, akapata alama nzuri. Makala haya ni jaribio la kulijibu jibu lile, ingawa kwa kuchelewa.

Hoja yetu tunaiweka wazi tangu mwanzo. Jamii ya ukanda wa shaba, kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi, imezoea kukipima kitu kilichoundwa kwa mkono kwa swali moja: je, kina mnunuzi? Chenye mnunuzi huitwa kazi. Kisicho na mnunuzi huitwa mchezo, na mchezo ni wa watoto. Kipimo hiki kimeingia hata katika uhakiki wetu wa chuo kikuu, na kinatuzuia kuona kwamba gari dogo, nyumba ndogo au mji mdogo ulioundwa mezani ni njia ya kuelewa jambo na ya kulisema. Tunapendekeza kipimo kingine: kitu hiki kidogo kinajua nini juu ya kile kikubwa kinachokifananisha?

Ili kuonyesha hoja hiyo, tutaanza na watu wazima wa nchi nyingine wanaochezea matofali ya plastiki, kisha tutarudi nyumbani kuitazama lugha yenyewe. Baada ya hapo tutahakiki mifano mitatu: gari la waya la mitaani, miji ya karatasi ya Bodys Isek Kingelez, na kazi za Jean Katambayi Mukendi wa Lubumbashi.

2. Tofali la plastiki na watu wazima

Huko ng'ambo suala hili limekwisha kujitokeza waziwazi. Katika mji mdogo wa Billund, nchini Denmark, seremala Ole Kirk Christiansen alianza kutengeneza vichezeo vya mbao mwaka 1932. Miaka miwili baadaye aliipa karakana yake jina la LEGO, lililofupishwa kutokana na maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri". Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliomba hataza ya tofali la plastiki lenye vifundo juu na mirija ndani. Mirija ile ndiyo iliyoleta mabadiliko, kwa kuwa inavikamata vifundo vya tofali la chini, kiasi kwamba jengo linasimama bila gundi na linabomoka bila kuvunjika. Tofali la mwaka 1958 linashikana hata leo na tofali lililotoka kiwandani wiki iliyopita. Wanahisabati wamekokotoa kwamba matofali sita tu ya aina moja, yenye vifundo vinane kila moja na rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765.

Mwanaisimu hawezi kuisoma idadi hiyo bila kuikumbuka lugha. Vipande vichache vyenye umbo lisilobadilika, kanuni moja ya kuungana, na tungo zisizo na mwisho: je, si hivyo tunavyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza juu ya mofimu na sentensi? Hata istilahi yetu ya muundo imetokana na kitenzi kuunda, ambacho wanenaji wa pwani walikitumia kwa jahazi kabla wanaisimu hawajakitumia kwa sentensi.

Kichezeo hicho kilichobuniwa kwa watoto kimewavuta pia watu wazima, wake kwa waume. Wengi wao hawafuati kijitabu kilichomo sandukuni. Huunda majengo, meli na mashine kwa maumbo waliyoyabuni wenyewe, kisha hukutana kumbini kuonyeshana na kuelezana. Kiwanda chenyewe kimekubali jambo hili. Mwaka 2017 kilitoa sanduku la chombo cha angani chenye vipande 7,541, lililouzwa Marekani kwa dola 800. Mwaka 2020 kilianza kuandika juu ya masanduku ya namna hiyo kwamba ni ya wenye umri wa miaka 18 na zaidi.

Hatusemi kwamba kila kinachoundwa kwa matofali hayo kinastahili uhakiki. Mengi ni nakala tu za vitu vinavyojulikana. Hata hivyo, Ekow Nimako, msanii wa Kanada mwenye asili ya Ghana, ametuonyesha linalowezekana. Mwaka 2019, katika jumba la makumbusho la Aga Khan mjini Toronto, alionyesha mji wa Kumbi Saleh, mji mkuu wa dola ya kale ya Ghana, kama utakavyokuwa mwaka 3020. Aliuunda kwa matofali meusi yapatayo 100,000. Kichezeo cha Denmark kimetumika hapo kuuliza swali ambalo vitabu vya historia huliacha: mji ule ungekuwa na sura gani kama usingekatizwa? Huo ni mchezo uliobeba hoja, na ndio aina ya mchezo tunaoutafuta katika makala haya.

3. Kazi na mchezo katika Kiswahili cha machimbo

Kiswahili kina neno gani kwa shughuli anayoifanya mtu mzima kwa kuipenda tu, bila malipo? Waandishi wengi wa Kenya hutumia neno uraibu, lakini neno hilo zamani lilihusu zaidi tumbaku, tambuu na vileo, na harufu ya moshi bado haijalitoka. Mazoea ni pana mno. Wasomi wa Kongo hukwepa tatizo kwa kukopa neno la Kifaransa. Lugha inapokosa neno, aghalabu si kwa sababu jambo halipo, bali kwa sababu jamii imeligawa jambo hilo kati ya maneno mengine mawili. Kwetu maneno hayo ni kazi na mchezo.

Neno kazi limechunguzwa vizuri. Johannes Fabian, katika makala aliyoitoa mwaka 1973, alionyesha jinsi neno hilo lilivyobeba uzito wa pekee miongoni mwa wafuasi wa Jamaa, harakati ya kidini iliyoanzishwa na padri Placide Tempels katika eneo la Kolwezi miaka ya 1950. Waumini wale walikuwa wafanyakazi wa Union Minière. Kwao kazi ilikuwa ajira ya kampuni, na wakati huo huo ikawa jina la juhudi ya kiroho. Katika mazungumzo ya kawaida, maana ya ajira ndiyo iliyobaki na nguvu. Mtu anayekwenda ku kazi, kama tusemavyo huku, anakwenda mahali penye king'ora, msimamizi na mshahara. Anayekaa nyumbani akiunda kitu kwa mikono yake kuanzia asubuhi hadi jioni bado ataulizwa na jirani: "Sasa hauna kazi?"

Neno mchezo halikubahatika hivyo. Ni jina la kandanda, la densi na la maigizo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliwachekesha na kuwaelimisha watu kwa miongo mingi kwa michezo yake, nao watafiti Walter Schicho na Johannes Fabian wakaiandikia vitabu. Lakini tunaposema "si mchezo" tunamaanisha kwamba jambo ni zito. Na kitenzi kinapopata kiambishi cha kutendea, maana inazidi kushuka: kuchezea ni kushika bila heshima, kuharibu, kudharau. Mtoto anachezea moto. Mwajiri anamchezea mfanyakazi. Anayechezea waya au makaratasi amekwisha kuhukumiwa na sarufi kabla mhakiki hajafungua kinywa.

Mpaka kati ya maneno haya mawili hauchorwi na ugumu wa shughuli, wala na umri wa mtendaji. Mafundi wa Kolwezi na Likasi huchonga malakiti na kutoa tembo, mamba na visahani. Wengine hugonga bati la shaba na kutoa picha za ukutani. Hakuna anayesema kwamba mafundi hao wanacheza, ijapokuwa tembo wa malakiti si mkubwa kuliko gari la waya. Tofauti ni kwamba tembo ana bei. Bei ndiyo inayomgeuza mchezaji kuwa mfanyakazi.

Kipimo hiki kingeweza kuvumilika kama historia yenyewe isingekivunja. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha tani 476,000 hivi za shaba. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, hapa Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji wa kampuni nzima haukufika tani 50,000. Wafanyakazi waliendelea kuitikia king'ora miezi mingi bila mshahara, hadi mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 walipoondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kwa miaka hiyo yote palikuwa na kazi isiyolipwa, yaani, kwa kipimo chetu wenyewe, mchezo. Lakini hakuna aliyethubutu kuwaita wazee wale wachezaji. Basi tulijua siku zote kwamba malipo si kiini cha kazi. Tulikataa tu kuutumia ujuzi huo kwa faida ya wale wanaounda vitu bila kulipwa.

4. Gari la waya

Gari la waya halina mwenyewe. Watoto wa Kolwezi wanaliunda, na wa Lubumbashi, na wa ng'ambo ya mpaka nchini Zambia. Malawi huliita galimoto, neno lile lile linalotaja gari la kweli. Waya hutoka katika ua uliobomoka, katika kitanda kilichokufa, au katika kebo iliyochunwa ngozi yake ya plastiki. Magurudumu ni vifuniko vya kopo, au vipande vilivyokatwa katika kandambili. Kutoka kwenye ekseli ya mbele hupanda fimbo ndefu hadi kifuani pa mwendeshaji, na juu yake kuna usukani. Mtoto hukimbia nyuma ya gari lake akilikatisha kona kulia na kushoto.

Tukitumia zana zetu za zamani za fani na maudhui, tutasema kwamba fani ya gari hili ni mstari. Muundaji hana bati la kufunika wala rangi ya kuficha. Anapaswa kuchagua ni mistari ipi inayolifanya gari liitwe Land Cruiser na si lori la machimbo: mteremko wa kioo, urefu wa boneti, nafasi kati ya magurudumu. Kila waya usio na lazima unaongeza uzito na kuonyesha uvivu wa jicho. Huu ni ufupisho unaofanana na ule tunaousifu katika shairi, ambamo neno lisilofanya shughuli yake huondolewa.

Lakini ubora wa gari la waya hauishii katika kufanana. Linapaswa kukata kona. Kuna magari ya waya yenye sura nzuri ambayo usukani wake haugeuzi chochote, na waundaji wenyewe huyacheka. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalotupa kipimo. Gari lenye usukani wa kweli linaonyesha kwamba muundaji ameelewa jinsi mzunguko wa mkono unavyogeuzwa kuwa mwendo wa ekseli. Hakusoma hayo kitabuni, wala hawezi kuyaandika. Ameyasema kwa waya.

Hapa inafaa kukumbuka dhana ya ukumbusho, ambayo Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian waliitumia mwaka 1976 kueleza michoro ya Katanga. Mchoro wa ukutani, walionyesha, haukusudiwi kupendeza tu, bali kuamsha kumbukumbu na mazungumzo juu ya yaliyopita. Tshibumba Kanda Matulu aliyechora historia ya nchi katika picha 101 alikuwa bingwa wa jambo hilo. Dhana hii imetusaidia sana, lakini haikitoshelezi kitu chenye pande tatu na magurudumu. Gari la waya halitukumbushi gari; linatuonyesha gari linavyowezekana. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina neno tayari, nalo ni mfano. Mfano ni kitu kinachofanana na kingine. Ni kielelezo cha kufuatwa. Na katika Injili ni hadithi fupi inayofundisha jambo kubwa. Maana hizo tatu, yaani sura, kanuni na fundisho, zinakutana katika kitu kidogo kilichoundwa vizuri. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba shughuli hii iitwe kuunda mifano, na neno kuchezea liachiwe wanaochezea mali ya umma.

5. Kingelez: mji unaojua sura

Mtu mzima wa Kongo aliyeitwa mchezaji kuliko wote, kisha akaheshimiwa kuliko wote, ni Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akahamia Kinshasa mwaka 1970, akafundisha shule kwa muda, kisha akajifungia na karatasi, mkasi na gundi. Inasimuliwa kwamba alipopeleka mfano wake mmoja kwenye makumbusho ya taifa, wenyeji wa pale hawakuamini kwamba ni wake, wakamtaka aunde mwingine kwa kuthibitisha. Alithibitisha, wakamwajiri kuwa mtengenezaji wa vitu vilivyoharibika. Mwaka 1989 mifano yake ilionyeshwa Paris katika maonyesho ya "Magiciens de la terre". Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, likamwandalia maonyesho makubwa yaliyodumu miezi kadhaa.

Mifano yake ni miji ya kadibodi, karatasi za rangi, paketi za bidhaa, mirija ya kunywea na vizibo. "Kimbembele Ihunga" wa mwaka 1994 ni kijiji chake kilichogeuzwa kuwa jiji lenye minara. "Ville Fantôme" wa mwaka 1996 una urefu unaokaribia mita sita. Ukiusogelea unaona kila baraza limetiwa nakshi, kila paa lina umbo lake, na hakuna majengo mawili yanayorudiana.

Tukimpima Kingelez kwa kipimo tulichokipata katika gari la waya, anatuletea shida. Mji wake haukati kona. Hauelezi maji yanapandaje hadi ghorofa ya kumi, wala takataka zinakwenda wapi. Ni mji unaojua sura. Matumbo ya mji haujui, au haujali. Mhakiki mwenye haraka angesema kwamba huu ni usukani usiogeuza kitu.

Tunadhani hukumu hiyo ingekosea, na sababu iko katika tarehe. Kinshasa iliporwa na wanajeshi mwezi Septemba 1991, ikaporwa tena Januari 1993. Mtu aliyeyaona hayo akaunda, mwaka 1996, mji ambao mwenyewe alieleza kwamba hauhitaji polisi wala jeshi. Mwaka uliofuata vita vya ukombozi viliingia Kinshasa. Kwa hiyo kile ambacho mfano huu unakijua si mabomba. Unajua ni kitu gani kiondolewe ili mji ukalike. Kingelez aliwahi kudai kwamba taifa lisiloweza kuunda mifano ni taifa lisiloelewa mambo. Ukiyasikia madai hayo bila kuuona mji wake utayaona kuwa majivuno. Ukiusimamia utayaona kuwa maelezo ya njia yake ya kufikiri.

Hata hivyo hatufichi dosari. Katika miji hii hakuna anayefanya kitu. Sisi wa Kolwezi, ambao mji wetu umezungukwa na mashimo na tangu 2014 mtaa wetu wa Kasulo umechimbwa chini ya vyumba vya kulala, tunajua kwamba kila mnara mahali fulani una shimo lake mahali pengine. Mji wa Kingelez umesimama bila shimo. Hilo ndilo jambo usilolijua.

6. Katambayi: mfano unaojua waya

Shimo hilo limemshughulisha Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1974 na kupata mafunzo ya umeme. Kama Kingelez, anatumia kadibodi na vitu vilivyotupwa; tofauti na Kingelez, yeye anashughulika na kilicho ndani. Ameunda mitambo ya karatasi na waya wa shaba inayofuata hesabu na jometria, na amechora mfululizo wa balbu kubwa alizoziita "Afrolampe".

Kwa nini balbu? Msomaji wa Kolwezi haulizi swali hilo. Njia ya umeme kutoka Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi na iliyokamilishwa mwaka 1982, inaishia hapa kwetu. Ilijengwa kwa ajili ya migodi, ikapita juu ya vijiji ambavyo havikuambulia hata taa moja. Shaba yetu imekuwa waya wa dunia, nasi tumesoma kwa mishumaa. Balbu ya Katambayi ni mfano katika maana zote tatu: ina sura ya balbu, inachunguza mtambo, na inafundisha.

Mwaka 2019, ndani ya mradi wa On-Trade-Off unaochunguza lithiamu ya Manono na biashara ya betri, Katambayi pamoja na Sammy Baloji, Daddy Tshikaya na Marjolijn Dijkman walitoa kazi iitwayo "Tesla Crash, a Speculation": gari la umeme la Marekani, kwa ukubwa wake halisi, lililosukwa kwa waya wa shaba kwa ufundi ule ule wa magari ya watoto wetu. Hoja yake haihitaji mkalimani. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu, nyingi ikitoka Lualaba; betri nyingi za magari ya umeme zinaihitaji; na gari lenyewe linabaki kwetu kama mchoro hewani. Watu wazima wamechukua sarufi ya watoto, wakatunga kwayo sentensi ambayo watoto hawangeweza kuitunga.

Swali letu kwa kazi hii ni moja. Gari la mtoto husukumwa barabarani. Hili linasimama ukumbini. Ukubwa wake halisi umeliondolea lile jambo lililofanya gari la waya kuwa na akili, yaani udogo unaomruhusu mtu mmoja kukishika kitu kizima na kukigeuza. Limepata hoja, limepoteza usukani. Pengine ndiyo maana ya jina lake, kwamba gari hilo limegonga tayari. Lakini pia limepata mnunuzi na mtazamaji, na hapo kipimo cha zamani kinarudi kwa mlango wa nyuma: waya ule ule, ukiwa mkononi mwa mtoto wa mtaa wa Manika, bado ni mchezo.

7. Kushirikishana

Turudi kwa wale watu wazima wa matofali, kwa maana wana jambo moja la kutufundisha. Nguvu ya shughuli yao iko katika kushirikishana kuliko katika plastiki. Kwa kuwa vipande ni sawa kila mahali na kiungo hakibadiliki, aliyeunda kitu Osaka anaweza kuandika hatua zake, na aliye Nairobi akakirudia bila kumwona. Lugha yao ya viungo ni sanifu, kwa hiyo maarifa yao husafiri na hudumu.

Waya hauna kiungo sanifu. Kila fundi hufunga kwa namna yake, na ujuzi hupita kwa kukaa kando ya anayejua na kutazama vidole vyake. Njia hii ina uzuri ambao sanduku la dola 800 haliwezi kuununua. Lakini ina hatari iliyo wazi: waundaji wakiacha, hakuna kitakachobaki. Waya wa shaba sasa una bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na gari la plastiki kutoka China liko sokoni tayari. Mabaraza ya istilahi yametupatia maneno ya kompyuta na ya benki. Maneno ya kukunja, kusokota, kubana na kufunga waya, yaliyomo vinywani mwa watoto wa Dilala na Manika leo hii, hayamo katika kamusi yoyote tunayoitumia darasani.

Kuna watakaopinga kwamba mtoto hahitaji kamusi ili aunde gari. Ni kweli. Lakini sisi tunaihitaji, ili tuache kusema kwamba mtoto yule hajui kitu. Wengine watasema kwamba kuunda kwa kupenda ni anasa ya walioshiba, na kwamba Kolwezi ina masuala mazito zaidi. Kwa hao tunajibu kwamba magari ya waya hayajawahi kuundwa na walioshiba, na kwamba Kingelez aliifungua miji yake katikati ya uporaji. Kinachohitaji shibe si kuunda, bali ni kununua.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba upinzani wa kazi na mchezo katika Kiswahili chetu umejengwa juu ya bei, kwamba historia ya Gécamines imeubomoa upinzani huo, na kwamba dhana ya mfano inaweza kutupa kipimo kilicho bora. Kwa kipimo hicho, gari la waya lenye usukani wa kweli linashinda gari zuri lisilokata kona. Mji wa Kingelez unajua kinachopaswa kuondolewa mjini lakini haujui shimo. Na gari la shaba la Katambayi na wenzake linajua shimo lakini limesahau usukani.

Kazi iliyobaki ni ya uwanjani. Idara ya lugha yenye wanafunzi kumi na daftari kumi inaweza, kwa muhula mmoja, kukusanya majina ya sehemu zote za gari la waya katika mitaa ya Kolwezi, kulinganisha matamshi ya Dilala na ya Manika, na kuandika hatua za kuliunda kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Likasi au wa Kitwe ataweza kusomewa na kufuata. Mada ya mwanafunzi wetu bado iko wazi. Yeye mwenyewe sasa ana ajira ofisini, na istilahi alizoziandika anazitumia kila siku. Tulipokutana alituambia kwamba jioni, akiwa na wanawe, huunda magari, na kwamba usukani wa lile la mwisho unageuza magurudumu ya mbele yote mawili. Tulimwomba atuandikie jinsi alivyofanya. Alicheka, akasema itabidi tuje tuone.